Theluthi ya Mshipa

Buyenzi, Bujumbura
2 Septemba 1996

Kaka Akilimali,

Usishangae kuona Kiswahili. Najua tumezoea kuandikiana kwa Kifaransa, lugha ya maabara, wewe ukisahihisha Kifaransa changu na mimi nikisahihisha hesabu zako. Lakini hii ni barua ya pili. Ya kwanza haikufika hata uwanja wa ndege.

Ile ya kwanza niliiandika vizuri, na ndani nikaweka mchoro: mshipa mkubwa wa moyo na matawi yake, mishale ya kuonyesha damu inakoelekea, na msalaba mwekundu pale mshipa ulipobanwa. Pale kwenye mbano, kama tulivyokubaliana kupaita siku ile tukila kantini. Nikaibeba kumpelekea Marguerite, nesi wa shirika la misaada anayeruhusiwa kupanda ndege yao ya Nairobi. Kwenye kizuizi karibu na soko, askari akaifungua.

"Hii ni barabara gani?" akaniuliza.

"Apana barabara, afande. Ni mishipa ya moyo."

"Moyo gani iko na barabara mingi hivi? Na hapa kwa musalaba, nani anangojea watu hapa?"

"Hapo damu inashindwa kupita."

Nilipolitamka neno damu nikajua nimejiponza mwenyewe. Nilikaa juani mpaka alasiri, mpaka alipopita jirani anayemjua baba yangu akaniombea. Askari akauchana mchoro na barua yenyewe. Akasema kama ni salamu niandike salamu, kwa Kiswahili, ili na yeye asome. Michoro hataki. Tarakimu hataki, eti ni hesabu za silaha. Tarehe tu ndiyo ameniachia.

Basi nakuandikia kama watu wanavyoandika salamu, na naomba akiona ni Kiswahili asijisumbue kusoma yote. Nilikuja Julai kwa wiki mbili kumwona Baba, nchi ikapinduliwa, ndege zikasimama, mipaka ikafungwa, na mimi ndani yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimeshapewa jembe, ungo na funguo za jikoni. Jua likizama hakuna kutoka. Milimani wanapiga, na asubuhi watu wanaulizana ilikuwa upande gani, kama vile watu wa kwingine wanavyoulizana kuhusu mvua. Chuo cha hapa, nilikoanzia masomo, kiko wazi siku moja, siku tatu kimefungwa. Nimechoka, Akili. Nikiamka nahesabu milango na yote inafungwa kwa nje.

Sasa ombi. Kuna mzee mmoja tunayefahamiana naye hapa Buyenzi. Mwaka jana alipigwa filamu ya moyo, ile picha ya mishipa, huko Nairobi, wakamwambia arudi apasuliwe, kisha njia zikafungwa kabla hajarudi. Filamu ninayo. Nimeiweka dirishani nikaipima kwa rula ya shule. Kwenye mshipa wa mbele, mara tu baada ya tawi la kwanza, tundu limebaki theluthi. Mbano wenyewe una urefu wa punje ya mchele.

Mwambie fundi wetu wa vioo akutengenezee mshipa wa hivyo. Uufunge kwenye pampu, kwanza kwa mwendo wa mtu aliyekaa, kisha kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Nataka jibu la kioo, si la huruma. Njia ya kutoka ni moja tu, msafara wa magari unaopanda Bugarama kwenda Kigali ukisindikizwa na askari. Wakiushambulia, watu hushuka na kukimbia. Asiyeweza kukimbia heri asipande.

Na umwambie profesa anitunzie meza yangu. Mwambie sijakimbia, nimezuiwa.

Dada yako,
Houda


Liège
17 Novemba 1996

Dada Houda,

Barua yako imezunguka Nairobi na Brussels kabla ya kunifikia, imechakaa kama noti ya sokoni. Nimecheka kuhusu askari, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka. Kusema kweli ana hoja. Nimeutazama mchoro wa moyo uliobandikwa ukutani kwetu, na mimi pia naona barabara.

Nakuandikia nikiwa na akili nusu. Umesikia yaliyotokea kwetu. Bukavu imeingiwa na waasi tangu mwisho wa Oktoba na sijui Mama yuko wapi. Unamkumbuka mama yangu Geneviève, aliyekutumia samaki wakavu ukaunukisha ukumbi mzima wa wanafunzi. Napiga simu usiku na mchana, hakuna anayeitikia. Basi najifungia maabara. Pampu ikipiga, angalau kuna kitu kinachopiga.

Kioo chako kiko tayari. Fundi alinuna, akasema mbano mfupi hivyo unavunja vioo, na kweli alivunja viwili. Cha tatu kikakubali. Nimekifunga, nikachanganya maji na gliserini mpaka yakawa mazito kama damu, nikatia wino wa bluu.

Kwa mwendo wa mtu aliyekaa, wino unapita kama hakuna kitu. Kwa mwendo wa kukimbia, unayumba kidogo baada ya mbano, unajizungusha pembeni kama watu waliotoka msikitini wanaotafuta viatu vyao, halafu unaendelea. Kinachopita kinaongezeka karibu sawa na kwenye kioo kizima, kisicho na mbano. Nimerudia mpaka mlinzi akanifukuza.

Kioo si nyama, wewe unajua kuliko mimi. Lakini umetaka jibu la kioo na jibu ndilo hilo. Mwambie mzee wako apande gari. Wakipiga, akimbie. Akifika Nairobi acheze hata mpira, ila asikae golini.

Profesa anasema meza ni yako mpaka mwisho wa Machi. Baada ya hapo kuna mtu mwingine anaisubiri. Hakusema kwa ubaya. Lakini ndivyo alivyosema, nami sitaki kukuficha.

Ukimpata yeyote aliyevuka kutoka Bukavu, ulizia.

Akilimali


Buyenzi
16 Desemba 1996

Kaka Akili,

Kwanza lako. Mama yako yuko hai. Kuna mama mmoja wa Bukavu anayeuza mafuta ya mawese kwenye mtaa wa Quartier Asiatique hapa mjini, anaitwa Sephora. Kabla ya kuja huku alivuka kwa mguu mpaka Cyangugu, upande wa Rwanda, akamwona Mama Geneviève huko kwa watu wa kanisa lake, anaumwa miguu na analalamika kuhusu chakula. Nilipomwuliza kama ana hakika, akasema, "Ile mama mwenye anakemea watu wakipika mubaya? Ni yeye." Nikaamini.

Sasa langu, na unisamehe. Yule mzee ni baba yangu.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungejua ni Baba, ungenipa jibu la rafiki. Ungelipunguza makali, au ungeongeza tahadhari hapa na pale mpaka nisijue niamini lipi. Nilitaka ukitazame kile kioo kama vile hakina mtu ndani.

Marguerite alipoleta barua yako nilikuwa nimekwenda kuchota maji, bomba la kwetu limekauka. Nikarudi nikamkuta Baba ameisoma yote, kwani iko kwa Kiswahili na yeye Kiswahili anakisoma tangu madrasa. Ningekuwa nimekuandikia kwa Kifaransa angebaki anaigeuzageuza tu. Ameivua miwani, ananitazama. "Kwa hiyo hii mali yangu iko mu chupa kule Ubelgiji," akasema akijigusa kifua, "na inakimbia." Akacheka mpaka nikaogopa.

Humjui Baba yangu vizuri. Shaabani alikuwa dereva wa lori miaka yote, Bujumbura kwenda Kigali kwenda Kampala, na hapakuwa na mtu wa Buyenzi aliyekuwa na haraka kama yeye. Tangu Nairobi amekuwa mtu wa kiti. Kitanda, kiti, mkeka wa kuswalia. Akikaa ni mzima kabisa, utadhani madaktari walimsingizia. Akienda mpaka kona ya pili anasimama, anashika ukuta, anajifanya anasalimia watu. Jioni ile baada ya barua yako alivaa kofia akatoka mpaka msikitini kwa mguu, polepole, akarudi. Alikuwa na jasho, lakini nikajiambia ni woga wa kutozoea. Kioo kimesema.

Basi tumeamua. Nimehangaikia kibali cha hospitali na nimekipata: mgonjwa mmoja na msindikizaji mmoja, kuvuka mpaka wa Kanyaru kuingia Rwanda kwa ajili ya matibabu. Msindikizaji ni mimi. Unaona maana yake? Peke yangu sivuki, hawaruhusu kijana mwenye cheti cha chuo atoke hivi hivi. Nikiwa na Baba navuka. Yeye ataenda Nairobi kwa mpwa wake na kwa daktari wake, na mimi nitakuwa nje. Nitawahi meza yangu.

Baba anataka tufunge Ramadhani nyumbani, tule Idi, ndipo tuondoke. Msafara ni katikati ya Februari. Kwa mara ya kwanza tangu Julai nimelala usingizi wa kweli.

Umefanya kazi kubwa, kaka. Mungu akulipe.

Houda


Liège
20 Januari 1997

Houda,

Barua yako ya Desemba imefika leo asubuhi. Nimefurahi kuhusu Mama kwa muda wa kusoma aya moja tu. Baada ya hapo nilikuwa natafuta barua yako ya Septemba kwenye mafaili kama mwendawazimu.

Uliandika: tundu limebaki theluthi. Theluthi ya nini?

Nilipojua ni Baba yako ndipo nilipojiuliza. Wewe ulipima filamu kwa rula, na rula kwenye filamu haipimi kitu ila upana. Madaktari wote husema upana. Mimi nilimwagiza fundi kama tunavyoagiza hapa siku zote, kwa nafasi ya ndani, eneo zima la tundu, kwa sababu pampu haijui upana, inajua nafasi. Kwa Kifaransa ningelazimika kuandika ni theluthi ya kipi, karatasi ya fundi ina sehemu yake. Kwa Kiswahili chetu cha salamu neno likapita peke yake, na mimi nikalipokea bila kuliuliza linatoka wapi. Akili yangu ilikuwa Bukavu.

Chukua chapati ndogo ambayo upana wake ni theluthi ya chapati kubwa. Unga wa ile kubwa unatoa ndogo tisa. Baba hana theluthi ya njia. Ana moja ya tisa.

Fundi amenitengenezea kingine leo leo, nimemsihi mpaka akaacha kazi za watu. Nimekifunga. Kwa mwendo wa kukaa, wino unapita sawasawa kabisa, ungeviweka vioo viwili mbele yangu nisingejua kipi ni kipi. Ndiyo maana akikaa kitini ni mzima. Kisha nikaongeza pampu. Upande wa pili hakikuongezeka kitu. Nikaongeza tena. Kile kile. Moyo unaomba na mlango hautoi.

Asikimbie, Houda. Asipande mlima, asibebe mzigo. Asipande ule msafara. Mbaki nyumbani, akae, meza iende na wenyewe. Nimepiga simu kitivoni kwenu kutwa nzima, inalia bila mtu. Nimetuma faksi, haipokelewi. Hii naipeleka mwenyewe Brussels kwa watu wa shirika la Marguerite, niiweke mkononi mwao.

Nijibu neno moja tu kwamba umeipata.

Akilimali


Buyenzi
11 Februari 1997

Kwa mwanangu Akilimali,

Assalaam alaykum, na kama salamu hiyo si ya kwenu basi pokea amani yake. Mi ni Shaabani, baba ya Houda. Mkono wangu si wa kuandika, ulizoea usukani, uniwie radhi.

Barua yako imefika juzi, bado tunakula mikate ya Idi. Houda alikuwa amekwenda kwa gavana kugonga muhuri wa mwisho wa kibali. Marguerite akaniachia mimi. Nikaifungua kama nilivyofungua ile nyingine, kwa sababu moyo ni wangu, hata kama unauchunguza wewe. Nimeisoma, nimeielewa. Nilikuwa najua. Ile siku nilikwenda msikitini kwa mguu nilipata maumivu mpaka kwenye taya, nikakaa mahali pa kutawadha muda mrefu ndipo nikarudi nikicheka. Sikutaka kumharibia.

Houda hajaiona barua yako. Hataiona. Nimeichoma kwenye jiko, unisamehe, maneno yake yalikuwa mazuri.

Sasa nisikilize kama mtoto anavyomsikiliza baba. Kibali kimeandikwa mgonjwa na msindikizaji. Nikibaki kwenye kiti, yeye anabaki karibu na kiti. Mwaka huu, mwaka ujao, mpaka siku moja wenye bunduki wanaingia mtaani kwetu kuua kama walivyoingia siku ile ya mwezi wa tatu, mwaka juzi, na atakuwa hapa ananipangia mito. Mi nimeishi. Nimeona Kampala, nimeona Mombasa, nimemzika mke wangu kwa heshima. Yeye ana kitu cha kufanya na kitu chenyewe kiko kwenu.

Utasema basi aende akijua. Apana. Hapa mtaani alikuwako binti mmoja, Daphrose, jirani yetu. Siku ile ya mwezi wa tatu sote tulikimbilia msikitini. Mama yake alikuwa na mguu mbaya, hawezi. Daphrose alikuwa ameshafika kwenye geti, akageuka akarudi kumshika mkono. Tuliwakuta wameshikana vile vile. Houda yule mwanangu ni Daphrose mtupu. Akijua siwezi kukimbia hataniacha, nami sina nguvu ya kumtupa nje ya gari.

Lakini wewe ulimwandikia naweza. Ameamini, kwa sababu ni kioo kimesema na anaheshimu vioo vyenu kuliko anavyoniheshimu mimi. Kosa lako limenifaa, mwanangu. Liache lilivyo. Usiandike tena, na ukiandika usiitaje theluthi.

Ile barabara naijua kona kwa kona. Mara nyingi msafara unapita salama. Mungu akipenda tutafika, nitapasuliwa, na utakuja kula pilau kwangu tukicheka. Asipopenda, wewe na mimi ndio tunajua, na mimi sitakuwa wa kusema.

Msalimu mama yako. Mwambie na sisi huku chakula kimeharibika.

Shaabani


Kigali
21 Februari 1997

Akili,

Baba amefariki. Naiandika hivyo kwa sababu nimejaribu njia nyingine zote na mkono unakataa.

Tulitoka Bujumbura alfajiri, sisi kwenye hiace ya nne nyuma ya lori la askari. Baba alikaa dirishani. Alikuwa na furaha, ananionyesha kona, hapa trela lilizama, hapa tulikuwa tunanunua viazi. Baada ya Bugarama, penye msitu, wakaanza kupiga kutoka juu. Gari la mbele likasimama. Kila mtu akashuka upande wa bondeni, kwenye mashamba ya chai. Baba alishuka kabla yangu. Nikamshika mkono, akaunyofoa mkono wake, akanisukuma mgongoni kwa nguvu kama ananitoa njiani. "Kimbia, Houda. Kimbia, mi niko nyuma yako."

Nikakimbia. Sikugeuka, Akili. Sikugeuka hata mara moja, kwa sababu nilijua anaweza. Nilikuwa nawaza, anachelewa kwa uzee tu, kioo kimesema anapita. Nikafika chini kabisa kwenye mto nikalala kwenye maji na watu wengine. Bunduki ziliponyamaza, askari wakatukusanya, wakatupandisha kwenye magari yaliyokuwa yanawaka injini, hawakutaka kungoja mtu. Nilipiga kelele. Wakaniambia wazee wamepandishwa gari la nyuma. Nilifika mji wa Kayanza nikingoja gari la nyuma.

Walimleta jioni. Dereva aliyembeba alimkuta kando ya barabara, pale pale tulipoachana, amekaa ameegemea gurudumu, kofia kichwani. Hana jeraha. Nilimtazama mwili mzima pamoja na wazee wa Kiislamu wa Kayanza walioniruhusu, hana hata mkwaruzo. Hakupiga hatua kumi. Wamemzika huko, kwa watu wema nisiowajua majina.

Mpakani Kanyaru afisa alishika kibali akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwambia, mgonjwa ametangulia. Akadhani gari la mbele. Akagonga muhuri.

Sasa niko Kigali kwa mpwa wa jirani, nangoja tiketi ambayo Baba alikuwa amemwomba mtu aninunulie bila kuniambia. Nina filamu yake. Jana niliiweka dirishani, nikachukua rula, nikapima upya, na nikabaki nimeishika rula. Niliandika theluthi. Nilipima upana na nikaandika theluthi, basi. Sikusema ya upana. Wewe uliagiza ya nini?

Usinihurumie. Uliagiza kwa nafasi, sivyo, kama tunavyoagiza siku zote. Mimi mwenyewe nilimzoesha fundi kuagizwa hivyo. Kama ndivyo, basi nilimpandisha Baba gari kwa neno moja lililokatika mkia, na kisha nikamwacha kando ya barabara nikiamini anakuja. Nataka unijibu hilo tu. Meza sijui kama naitaka tena.

Houda


Liège
3 Machi 1997

Dada yangu Houda,

Ndiyo. Niliagiza kwa nafasi.

Nimeandika mstari huo nikakaa nao kutwa nzima, kwa sababu kuna mwingine unaoufuata na niliombwa nisikuandikie. Aliyeniomba ni mtu wa kuheshimiwa kuliko wote tunaowajua. Barua yake ilinifikia Jumatatu. Yako ilikuja Alhamisi. Kwa siku hizo tatu nilikuwa namwomba Mungu muwe mmepita salama, nami niweze kumtii. Hata baada ya yako nilitaka kumtii. Nimeshika ahadi ambayo sikuitoa, na nikinyamaza wewe unajihukumu, nikisema mimi namvunjia mzee neno. Sikuona pa kutokea. Mama, ambaye sasa nazungumza naye kwa simu ya padri wa Cyangugu, nilimweleza. Akasema, "Siri ya maiti ni ya maiti, lakini huyo mutoto ni muzima." Basi namvunjia mzee neno lake, na kosa hilo nitalijibu mimi.

Niligundua mwezi wa kwanza, siku barua yako ya Desemba ilipofika. Nilikuandikia siku hiyo hiyo, nikaeleza yote, upana na nafasi, na nikakusihi asipande. Marguerite aliifikisha Buyenzi kabla hamjaondoka. Wewe ulikuwa kwa gavana ukigonga muhuri. Baba aliipokea, akaisoma, akaielewa vizuri kuliko wanafunzi wangu, akaichoma. Kisha akakaa akaniandikia mimi. Barua yake naiweka humu. Isome ukiwa umekaa na mtu.

Neno lako halikumpandisha gari. Alipanda akijua ana moja ya tisa. Alijua tangu siku ile ya msikitini, kabla yangu na kabla yako. Aliposhuka kwenye hiace alijua hatoki pale, na alipokuambia yuko nyuma yako alijua hayuko. Alihitaji uamini kwamba anaweza kukimbia, kwa sababu ndiyo njia pekee ambayo ungekimbia wewe.

Umeniambia hukugeuka. Ndicho alichokuwa anakiomba, Houda, tangu Idi. Hukumwacha pale barabarani. Alikutuma.

Ndugu yako,
Akilimali